Shamba Juu ya Shimo

Kusini mwa Tanzania,
Alhamisi

Mama mpendwa,

Mulembe. Naomba barua hii ikukute umemaliza kuanika mahindi na goti lako limepoa. Papa bado anakohoa? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hautulii, na kwa simu nisingeweza kukueleza, maana kuta za chumba ninachopanga ni nyembamba. Barua nampa Njoroge, yule dereva wa buldoza kutoka Kachibora tuliyehamishwa naye kutoka yadi ya kampuni huko Kitale. Anakuja likizo, atakukabidhi mkononi.

Uliwahi kuniuliza karani anafanya nini kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Makaa ya upande huu yamekwisha, sasa tunarudisha ardhi. Tipa humwaga mawe shimoni, halafu udongo mwekundu, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lazima lishindiliwe kwa mashine kabla ya lingine kuwekwa. Mwisho kabisa ndipo ule udongo mweusi uliotengwa tangu mwanzo hutandazwa juu na nyasi kupandwa. Mimi husimama ukingoni na fomu, naandika kama tabaka limeshindiliwa au la, kisha naweka sahihi.

Mwezi uliopita mashine ya kushindilia iliharibika. Tipa hazikusimama. Nilimwuliza msimamizi niandike nini. Akajibu bila kunitazama, "Andika limeshindiliwa. Mvua itamalizia."

Njoroge akacheka. "Ati Nekesa anaogopa karatasi. Si uandike tu, bana, twende tukale."

Mama, niliandika. Siku nne mfululizo niliandika.

Sasa pale juu pamependeza, ungesema hapajawahi kuchimbwa. Jumatatu wenyeji watarudishiwa mashamba yao mbele ya viongozi wa kijiji. Kipande kilicho juu ya shimo lile ni cha Bibi Frida, mwenye nyumba wangu. Ameshachagua mbegu. Wajukuu wake ndio watakaolima.

Juzi baada ya mvua nilipita pale nikaona ufa, na kando yake ardhi imebonyea kama sahani. Nilichomeka kijiti, kikazama chote. Nilikumbuka choo chetu cha zamani hapo Bokoli, kile Papa alichokifukia haraka kwa sababu wageni wa mahari walikuwa njiani, nawe ukapanda migomba juu yake. Mtamba wa jirani akazama hadi shingoni. Papa alitaka tuseme mnyama alivunja ua mwenyewe. Wewe ulijifunga leso, ukaenda kwa jirani, ukamwambia, "Shimo ni letu." Papa hakusema nawe wiki nzima.

Nikisema, wataniuliza kwa nini niliandika, na sahihi ni yangu, si ya msimamizi. Naweza kufukuzwa, hata kushtakiwa, nami niko nchi ya watu. Nikinyamaza, kila mtoto atakapoinua jembe pale nitakuwa nasubiri kusikia ukelele.

Leo asubuhi nilimwambia Bibi asiwapeleke watoto kule. Akanitania, "Nyie Wakenya mnaogopa mpaka udongo, mjukuu wangu?" Nikamwomba twende naye. Aligeuza jembe, akasukuma mpini karibu na ufa. Ukaingia mpaka kwenye chuma. Akauchomoa polepole, akaufuta kwa khanga.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua, Bibi."

Aliweka jembe begani. "Jumatatu utasema wewe, au niseme mimi?"

Nikamwambia nitasema mimi. Sauti yangu hata mwenyewe sikuisikia vizuri.

Nisalimie Kukhu, mama yake Papa, aniombee Jumapili. Kaka Wafula wa bodaboda huko Kapsokwony apunguze mwendo kwenye mteremko. Shangazi wa duka la nafaka Kitale, aliyenitafutia kazi hii, msalimie pia, ila haya usimwambie kwanza.

Ukiniona nimeingia na begi langu kabla ya mkataba kwisha, usiniulize mbele ya watu. Na Papa akitaka kujua nimefanya nini huku, mwambie shimo lilikuwa langu.

Mwanao anayeogopa,
Nekesa