Nati Nne za Bampa la Nyuma

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natanguliza shikamoo kwa sababu Mama amesimama nyuma ya bega langu, na amesema barua isiyo na shikamoo haitoki ndani ya nyumba yake. Usije ukadhani hasira zangu zimekwisha. Utazikuta humu humu.

Barua hii haina bahasha. Zile nilizotangulia kukuletea nilizifunga vizuri kwa gundi, na hukuzijibu. Pengine hata hukuzifungua. Hii nimempa dereva wa lori anayekuja huko Turiani, nikamwambia aisome akitaka, amsomee utingo wake, amsomee na mama muuza uji wa stendi. Nataka ukipita barabarani watu wakuulize, "Mzee, lile Landrova lako vipi?" Sisi umetunyamazia. Labda wao utawajibu.

Unakumbuka lile gari lilivyokuwa siku za mwanzo, wakati madukani hamna kitu na watu wanapanga foleni kwa kipande cha sabuni? Bampa lake la nyuma halikutoka dukani. Lilikuwa pande la chuma ulilolipata kwenye tela bovu la mashamba ya miwa. Ukalitoboa matundu mawili, moja kila upande, ukalifunga kwenye chasisi, ukalipaka rangi nyeusi iliyobaki walipopaka mlango wa kanisa. Lilikuwa baya, Mjomba, tuseme ukweli. Rozi mdogo wangu alikuwa anaona haya kushukia mbele ya soko la Mkuyuni, anakuomba umshushe kabla, nawe unampeleka mpaka katikati ya wauza ndizi ndiyo unapiga honi.

Lakini yale matundu mawili ndiyo yaliyokuwa yanatuteremsha salama. Mtu wa mjini hawezi kuelewa, kwa hiyo namwandikia na yeye. Masika yakishika, ule mteremko wa chini ya kanisa unateleza mpaka mbuzi wanauogopa. Upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde. Gari halishuki peke yake. Wanaume wanafunga kamba mbili nyuma, wanajipanga wamelalia visigino, wanalizuia mkia usije ukapita mbele ya kichwa. Na kamba hufungwa na wenyewe wanaozishika. Dereva haruhusiwi kugusa fundo wala kuuliza limefungwa wapi, kwa sababu wanaoning'inia ni wao. Uliniambia hivyo siku ya kwanza uliponikalisha kwenye usukani: "Mbele ni kwako, nyuma ni kwao. Usigeuke."

Siku hiyo wanao walinuna. Walisema baba anamfundisha Siska gari letu. Ukawajibu mbele yangu, bila kupandisha sauti, "Nyie mna mjomba wenu, na huyu ana wake." Yakaishia hapo, maana ndivyo tulivyo sisi wa milima hii, mpwa hurithi kwa mjomba, na hata wao walijua. Nilikuwa na furaha siku ile mpaka nikasahau kukanyaga klachi.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Kila kitu kikaruhusiwa, na kila kitu kikang'aa. Mjini Morogoro maduka ya vipuri yakajaa vitu kutoka Dubai vikiwa ndani ya nailoni, na pikapu za Kijapani zikaanza kutupita pale Mkuyuni zikiwa na redio. Abiria wetu, wale wale tuliowabeba bure wakati wa misiba, wakawa wanatazama gari letu kama jamaa aliyekuja harusini na ndala.

Ndipo ukanichukua tukaenda mjini kuchagua bampa. Nakumbuka ulivyovaa shati la Jumapili. Mwenye duka akatandika gazeti chini, akalilaza juu yake kama mtoto mchanga: jeupe la kung'aa, limepinda kwenye ncha, unajiona uso mpaka meno. Nikaliinua kwa mkono mmoja.

"Mjomba, hili jepesi," nikasema.

"Wepesi ndiyo mtindo wa sasa."

"Matundu ya kamba yako wapi?"

"Tutayatengeneza baada ya mavuno."

"Na limekatwa kwa ajili ya pikapu, sio Landrova. Miguu yake haifiki kwenye chasisi."

"Siska, umekuja kununua au kutoa mahubiri?"

Mwenye duka akacheka. Nami nikalibeba, kwa kuwa huwezi kubishana na mjomba wako mbele ya mtu wa duka. Tukalipeleka kwa fundi Hamisi kule Mafiga, akaunga vibati viwili vyembamba ili lifike. Alisema wazi, nilimsikia kwa masikio yangu: "Mzee, hili ni pambo. Usilifungie kamba." Ukaitikia, "Sawa, sawa," huku unalifuta vumbi kwa mkono wa shati la Jumapili.

Masika yalikuja kabla ya mavuno. Huhitaji kukumbushwa asubuhi ile, lakini nitakukumbusha, kwa sababu umekimbia bila kuizungumza hata mara moja. Rozi alikuwa ameshikwa na uchungu tangu jana yake, mtoto amekaa vibaya, na mkunga akasema yeye amefika mwisho, apelekwe mjini. Tulimlaza nyuma kwenye godoro. Mimi nilikaa naye, kichwa chake mapajani kwangu, turubai la nyuma likiwa limefunguliwa ili apate hewa. Mama alikaa mbele na wewe, rozari mkononi.

Wanaume walikuja na kamba zao. Lile bampa lako lilikuwa limeifunika chasisi yote. Kuifikia, mtu alilazimika kulala chali kwenye tope, na Rozi alikuwa anapiga kelele. Wakafunga pale ambapo kamba hufungwa siku zote, kwenye bampa. Niliwaona. Nikafungua mdomo kusema, na gari likawa limeshaanza kushuka.

Mjomba, wewe ulikuwa unatazama mbele, kama ulivyonifundisha. Mimi nilikuwa natazama nyuma. Niliona kibati cha kushoto kinakunjuka, taratibu, kama mtu anayefungua barua. Nikapiga kelele, "Kinaachia! Kinaachia!" Rozi akadhani namsema yeye, akanishika mkono mpaka kucha zikaingia. Upande wa kushoto ukang'oka, kamba zote mbili zikakimbilia kulia, halafu na kulia kukaachia. Wanaume walianguka chali wote kwa pamoja, na katikati yao bampa limelala kwenye tope linang'aa. Gari likawa letu peke yetu.

Mkia ulianza kwenda bondeni. Nililiona bonde, Mjomba. Niliona migomba ya chini vile ndege anavyoiona. Na wewe ukafanya kile ambacho mpaka leo watu hawaachi kukisimulia: ukakata usukani kulia, ukalipeleka kwenye mwamba, upande wako mwenyewe. Ungeweza kuruka. Mlango wako ulikuwa upande wa mlima, ulikuwa wazi, ningeruka mimi. Ulilisukumiza mpaka likasimama, na mguu wako wa kulia ukabaki katikati ya chuma na jiwe.

Rozi alijifungua pale pale, mvua ikitupiga kupitia turubai, mkunga akiwa amekimbia mteremko wote akiwa pekupeku. Mtoto alitoka ametanguliza miguu, akalia. Wewe hukulia. Mama anasema uliuliza jambo moja tu, "Siska yuko mzima?" Mimi nilikuwa nyuma yako hatua mbili na hukuniuliza mwenyewe.

Mguu uliunga vibaya. Hukuweza tena kukanyaga breki. Ukoo ulikaa, na hakuna aliyekulaumu. Walikuwekea kiti, wakakupa uji, wakasubiri useme neno. Hukusema. Asubuhi moja ukapanda pikapu ya watu, moja ya zile zenye redio, ukaenda kwa mwanao Turiani. Gari ukaliacha kwa Hamisi, na mimi ukaniacha nimening'inia. Kwa maana unajua sheria zetu: gari la mjomba ni la mpwa, lakini mpaka mjomba atamke. Wazee wameniambia bila kuficha, "Siska, hatupandi gari lisilo na mwenyewe." Kwa hiyo masika yaliyopita pikapu ziliishia Mkuyuni, na wagonjwa wetu waliteremshwa kwa machela. Mmoja wao hakufika. Unamfahamu, ni yule bibi aliyekuwa anakuwekea nanasi kwenye kiti cha mbele.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Nimeuza pilipili manga yangu yote, nikateremka Mafiga, nikamwambia Hamisi alinyooshe gari, tuchague bampa la nyuma kabla mawingu hayajakaa mlimani. Akanionyesha la kwanza, jeupe, ndugu wa lile lako. Nikamwambia aliondoe machoni pangu. La pili lilitoka kwenye gari la mradi fulani lililokufa, limejaa mabomba mazito. Nikalipenda, halafu nikalitingisha: lingekaa zuri barabara ya lami, lakini uzito wake ungevuta mkia bondeni kabla hata kamba hazijafungwa. Ndipo nikaliona la tatu. Pande lako la zamani, Mjomba! Hamisi hakulitupa, mafundi wanalitumia kunyooshea vyuma. Niliruka kwa furaha. Nikachukua spana nikaligonga. Upande mmoja likaitika vizuri, upande wa pili likatoa sauti ya chungu kilichopasuka. Tulifuta kutu, tukauona ufa umetoka tundu la kamba mpaka ukingoni. Hamisi akaupitisha ukucha, akasema ufa huu wa zamani sana, kutu imeingia mpaka ndani. Nilikaa chini. Muda wote huu nimekuwa nikisema, lile la zamani lingetuokoa. Sina uhakika tena.

Nikiwa nimekaa pale, Hamisi akaniambia, "Dada, Mzee wako alikaa hapo hapo siku aliyoleta lile la kung'aa, wewe ulipokwenda kununua maandazi."

"Akasema nini?"

"Nilimuuliza, Mzee, umri huu unataka urembo wa nini? Akasema sio wangu, ni wa mpwa wangu. Pasaka namkabidhi gari. Watu wataona mwanamke kwenye usukani na mkweche nyuma, watapanda la nani? Acha aanze na kitu kinachong'aa."

Nilimwambia Hamisi jua kali, nikaenda nyuma ya karakana, nikalia. Nimelia kwa uchungu na kwa hasira, na mpaka sasa sijui kipi kilikuwa kingi. Mimi niliamini umetuuza kwa ajili ya kujitazama meno. Kumbe ulikuwa unaninunulia abiria.

Lakini ungeniuliza, Mjomba! Nilikuwa nimesimama pembeni yako dukani. Ungesema, Siska, gari ni lako Pasaka, chagua unachokitaka. Ningekujibu kwamba watu wa mlima wetu hawapandi bampa. Watanipanda mimi, kwa sababu wameniona miaka yote nikishika ile gia na mkono wako juu ya wangu. Ulinipa imani kwenye usukani, ukaninyima pale dukani. Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo ninalokudai, uje unieleze uso kwa uso.

Bampa nimelichagua mwenyewe. Ni chuma cha mfereji, chenye kingo mbili zilizoinuka, kipya, kinene, hakina sura yoyote. Hamisi amelifunga moja kwa moja kwenye chasisi kwa nati nne, na akachomelea pete mbili nene za kamba ambazo mtu anazifikia akiwa amesimama. Wazee walishuka kuja kuliona. Wakafunga kamba zao wenyewe, wakavuta mpaka gari likarudi nyuma, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kisha wakaniuliza swali lile lile, "Na mwenyewe?"

Walipoondoka nimemwambia Hamisi azilegeze zile nati nne za nyuma, azirudishe kwa vidole tu. Spana nimeiweka juu ya kiti cha dereva, pamoja na ufunguo. Nataka uje uzikaze wewe, mbele ya ukoo, hata ukiwa umekaa kwenye kigoda kwa ajili ya mguu, halafu unipe ufunguo kwa mkono wako. Mtoto wa Rozi sasa anatembea, ana jina lako, na ni mbishi kama wewe. Akisikia gari lolote anakimbilia barabarani. Mama anasema hakulaumu. Anasema pia kwamba amechoka kumsikia kaka yake kwenye midomo ya madereva wa malori.

Leo asubuhi mlima umevaa wingu mpaka kiunoni. Unajua maana yake. Mvua ikianza na hujaja, nitazikaza mwenyewe, nitapanda, na atakayekataa kupanda gari lisilotamkwa abaki na machela yake. Nitafanya hivyo, unanifahamu. Lakini kwenye ule mteremko, wakati wao wanafunga kamba na mimi siruhusiwi kugeuka, ningependa nijue kwamba aliyekaza kule nyuma ni wewe.

Shikamoo nimeshakupa pale juu, Mjomba. Sitaki uiitikie kwa barua.

Ni mimi mpwa wako, niliyekaa nyuma siku ile,
Siska