Mawe Hamsini

Jumatatu, 5 Mei
Tangi nimejaza hadi shingoni, nikagawa kilomita kwa lita. Wiki ya tatu hii. Gari la mradi linakunywa dizeli kupita kawaida. Nozeli safi, hakuna panapovuja. Nimemwandikia bosi kama fundi wake: injini ni nzima. Analiendesha Mzee Kibwana peke yake. Neno wizi sikuliandika. Halikuhitajika.

Jumatano, 7 Mei
Mzee Kibwana kasimamishwa. Miaka kumi na minane ya usukani. Amenikabidhi ufunguo kwa mikono miwili. Nimeona vibaya, lakini hesabu ni hesabu.

Ijumaa, 9 Mei
Baada ya swala mzee kasimama msikitini, akaomba isomwe Halbadiri, kisomo cha kumlaani mkosaji, Jumapili, nyumbani kwake. "Kama mwizi ni mie, inianze mie. Kama kuna aliyeniharibia jina, imfuate." Watu wakatazama mikeka. Mimi niliitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Jumamosi, 10 Mei
Nimeendesha mwenyewe, Kibiti hadi Nyamwage. Nimejaza, nimepima. Linakunywa vilevile! Sasa nani kaninyonyea mafuta mimi?
Kurudi nikahesabu mawe ya kilomita barabarani. Mawe hamsini. Dashibodi inasema arobaini na tano.
Matairi. Masika yalipoanza nilivua ya zamani, nikafunga makubwa ya matope kwa ajili ya safari za delta. Tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, na mita ya dashibodi haijui. Tena ni zito, linaongeza ulaji. Nilifunga mimi. Mpumbavu mimi.

Jumapili, 11 Mei
Nilikwenda kwake niseme kabla ya kisomo. Nikakuta ua umejaa watu, ubani unafuka. Nikakaa nyuma. Wamesoma mwanzo hadi mwisho, mdomo sikufungua. Naona aibu hata kuandika.

Jumatatu, 12 Mei
Bosi nimempa barua, nimekiri kila kitu. Kamwita mzee arudi kazini. Mzee kakataa.
Nilimkuta shambani, mpunga umemfika magotini. Nikampa shikamoo, nikamweleza. Akang'oa gugu, akalitupa kando.
"Mie nishakusamehe, mwanangu. Ila kisomo kishasomwa, mie sina kamba ya kukivutia kirudi."

Alhamisi, 15 Mei
Nimerudisha matairi ya zamani. Mawe hamsini, dashibodi nayo inasema hamsini. Ulaji wa kawaida. Nimeandika, nimetia sahihi. Ufunguo bado uko msumarini.
Mvua tangu asubuhi. Kichwa kinaniuma, siku ya nne leo. Mke wangu anasema ni mafua tu.