Nimemeza Mvinyo, Baba Zaina

Baba Zaina mume wangu,

Mahindi ya hapo Kwedizinga vipi, mvua imegusa au bado mnatazama mawingu? Mama uvimbe wa mguu umepungua? Mimi huku Dodoma mwili hauna neno, na zabibu zimeiva mpaka ndege wameshiba wanashindwa kuruka. Ila nina jambo. Nimeandika kwa sababu simu ya nyumbani mnaisikiliza baraza zima, na hili ni la kwako peke yako.

Unajua nilikuwa naosha glasi pale kiwanda cha mvinyo. Sasa bosi, yule mama anayegombana na mumewe kwenye simu bila kushusha sauti, akanihamishia kuhudumia wageni. Akasema mhudumu lazima ajue anachomimina. Akatukalisha mezani, akatumiminia kwa mkono wake mvinyo mwekundu unaitwa Shiraz, umelazwa kwenye mapipa ya mbao ya mwaloni mpaka ukakomaa. Unazungusha glasi, unanusa, unatia mdomoni, halafu unatema kwenye ndoo.

Nikanusa. Zambarau zilizoiva sana, pilipili manga, na moshi kama wa jiko la kuni. Mdomoni mzito, unakwaruza ulimi kama bibo la korosho. Wenzangu wakatema. Mimi bosi kanikazia macho. Baba Zaina, mtu kakumiminia kwa mkono wake, utatemaje mbele yake? Kwetu hayo si matusi? Nikameza.

"Mama Zaina, mbona umemeza?"

"Nimeona aibu kutema, bosi."

Walicheka hao, Mama Pendo mpaka akashika meza. Huyu ni mwenzangu wa kazi, mtu wa Korogwe, babu zake walikuja kukata mkonge. Yeye Mkristo, hana shida. Akasema, "Nikienda likizo namwambia muadhini wako, mkeo anameza kuliko wanaume."

Labda anatania. Lakini ana mdomo kunishinda mimi, na mimi unanijua. Ijumaa anapanda basi la kwao, na linapita hapo hapo Kwedizinga. Barua hii nampa kondakta leo, itangulie.

Naogopa, mume wangu. Wewe ndiye unayewaita watu kuswali. Wakisema mkeo mlevi, utasimamaje pale msikitini? Kila simu ikilia nadhani ni talaka.

Nimemwambia bosi, "Mimi nitanusa tu, mdomoni sitii tena." Akasema, "Anayenusa tu anarudi kuosha glasi." Nikarudi kwenye karai.

Na hili ndilo gumu kuliandika: haukuwa mbaya. Ulishuka kifuani na joto lake taratibu, mtamu kwa namna yake. Ningesema nilitaka kutapika ungenisamehe upesi, lakini nitakuwa nimekudanganya. Kama ni kuniacha, niache kwa haya niliyokwambia mwenyewe, si kwa atakayoongeza Mama Pendo.

Msalimie mama, shikamoo yake. Shemeji fundi baiskeli umsalimie, na Zaina mwambie asome, asifanye jambo kwa kuwaonea watu aibu kama alivyofanya mama yake.

Ukipiga nitapokea, hata mikono ikiwa na povu.

Mimi mkeo, mpaka useme vingine,
Mama Zaina