Pengo la Ukutani

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti la mama limepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenipa kisogo. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei tangu nilipokusihi umhamishe mama, ukaniuliza sababu, nikaumauma maneno. Dereva wa ofisi ameahidi hataondoka mlangoni mpaka uisome.

Kwanza nikueleze kazi yetu. Kabla barabara haijachorwa, mmoja wetu hukaa mtaani na fomu tangu alfajiri hadi jioni, akipiga kistari kwa kila apitaye kwa miguu. Vistari vikiwa vingi, barabara huongezewa pembeni njia ya waendao kwa miguu, miti ya kivuli na kivuko chenye taa. Vikiwa vichache, magari huachiwa yote. Mkuu wa michoro hutuambia kwamba mtu asiye na kistari, barabara haimjui.

Sasa barabara ya pale nyumbani imekwisha. Ni njia sita, nyeusi tii, na itafunguliwa Jumatatu. Wiki iliyopita nilitumwa kuikagua wakati malori yanaijaribu. Kila lori lilipopita, pazia la mama lilivutwa nje ya dirisha. Kisha mama mwenyewe akatoka na mfuko wake wa vifungo, anakwenda ng'ambo kwa rafiki yake fundi cherehani kama afanyavyo kila asubuhi. Akatazama kushoto, akashuka barabarani. Lori likaja kutoka kulia, likipiga honi upande wa lile sikio lake bovu. Fundi akapiga kelele, akapunga kitambaa kama mwendawazimu. Mama akadhani anasalimiwa, naye akampungia mkono huku akicheka.

Lori lilimkosa kwa hatua moja. Mama akaniambia madereva wa siku hizi hawana adabu, akaendelea na safari yake. Mimi nilibaki na futi yangu mkononi.

Niliporudi ofisini niliomba kivuko. Mkuu, ambaye si mtu mbaya, alifungua droo akanipa fomu nyingine. Ile ya kwanza huhesabu wanaopita. Hii huhesabu waliogongwa. Alisema vikitimia vistari vitatu, kivuko kitachorwa bila ubishi, akanitaka nijaze jina la mtaa. Nikajaza jina la mtaa wetu, kwa mwandiko wangu mzuri uleule mnaousifia.

Dada, nimezunguka vya kutosha. Ulimwambia shangazi kwamba niliiokoa nyumba ya mama, naye kanitangaza mpaka kwenye misiba. Ni kweli niliiokoa. Aliyehesabu watu pale ni mimi. Najua kama ujuavyo wewe kwamba mtaa mzima hupita kwenye lile pengo la ukutani tulilolibomoa utotoni, mbele ya mlango wa mama. Lakini nilikuwa nimeuona mchoro wa awali: njia ya miguu na miti vilihitaji mita nne, na mita hizo ni sebule yetu na chumba cha mama. Basi nikaweka kiti changu mwisho wa barabara hiyohiyo, kule kwenye kiwanda cha mbao kilichofungwa. Nilipata vistari kumi na kimoja, vitatu vikiwa vya mlinzi mmoja aliyekuwa akizungukazunguka. Nilitia sahihi nikijipongeza. Niliokoa kuta, nikamsahau anayekaa ndani yake.

Jana nilikwenda kuhesabu upya, pale pengoni. Walipita watu elfu moja mia tisa. Fomu hiyo, pamoja na maelezo ya nilichofanya, nimeiweka mezani kwa mkuu. Huenda nikafukuzwa. Huenda nyumba ikapigwa alama ya kubomolewa, na utanilaani, nami sitajitetea. Lakini hakuna kitakachobadilika kabla ya Jumatatu. Nakuomba kwa magoti, mchukue mama leo. Akikataa, funga mlango wa mbele na ufiche vifungo. Wala usimwite fundi aje kwa mama, maana naye atavuka palepale.

Ile fomu ya pili iko mbele yangu ninapoandika. Chini ya jina la mtaa bado hakuna kistari.

Nisalimie shemeji na watoto, na umwombe shangazi aache kunisifu. Mama mpe salamu zangu kwenye sikio la kushoto, umwambie ninakuja Jumapili, nitamweleza mwenyewe.

Mdogo wako anayekupenda,
Kalamu