Chai Waliyonipa Endarasha

Mama Mutua, pokea salamu kutoka kwenye baridi ya mlima.

Ule utafiti wa dawa ya ugonjwa wangu wa sukari nilioingia nikichimba viazi Endarasha, sasa kazi imenileta Karatina na naendelea nao hapa. Kule hutupatia chai kabla ya kutoa damu ya kupimwa. Leo nikanywa yangu, nikaja kliniki ya hapa.

“Mzee, umekula?” nesi akashtuka. “Hapa watu huja na njaa! Rudi kesho.”

“Kwani utafiti si mmoja?”

“Ni mmoja, lakini hayo ni mambo ya Endarasha.”

“Basi kubalianeni nyinyi kwanza, ndipo mnidunge!”

Hasira imenijaa, na kibarua cha leo kimepotea bure. Lakini kesho nitaenda na njaa yao, maana sukari hukatisha watu miguu, nami nataka nifike kwako na yote miwili.

Mumeo, Musyoka