Kura za Chumba cha Moto

Jumatatu, 4 Machi
Msimu wa pili wa shindano letu la runinga umeanza rasmi. Kichwa cha nguruwe cha tambiko mezani, sote tumekiinamia ili kazi iende salama. Msimu wa kwanza pia tulikiinamia, na mwenzetu Gi-tae akafia vilevile ndani ya chumba cha moto. Kampuni ilisema ni moyo. Moyo! Nilikuwa mlangoni. Walizima breki ya maumivu, mtambo unaomkinga mshiriki asiungue kweli, ili watazamaji, na kofia zao za kuhisia kichwani huko nyumbani, wahisi moto wenyewe. Nikasaini karatasi ya kufunga mdomo. Basi.

Jumatano, 6 Machi
Mkurugenzi wetu, Ok, katangaza: chumba cha moto kimerudi, na wa kuingia atachaguliwa tena kwa kura za mashabiki. Washiriki tumebaki wawili, mimi na Ye-won. Mshindi akikataa, anaingia wa pili. Nikamuuliza, breki itakuwepo? Akacheka. Eti, "Do-hwa, mkongwe kama wewe haulizi maswali ya wageni." Nimejibiwa.

Ye-won anarukaruka kwa furaha. Ananiita dada, hagusi kijiko kabla sijagusa changu. Hajui kitu.

Ijumaa, 8 Machi
Gari la kahawa limekuja — picha yangu ubavuni, kahawa bure kwa wafanyakazi wote, zawadi ya mashabiki wangu. Shangazi Gye-sun, mkuu wa klabu, kasema wamejipanga: watu elfu arobaini, siku ya kura, saa sita kamili mchana, wote kwa pamoja. "Mwanangu, hatukuachi ushindwe. Labda tufe!"

Mungu wangu. Watanipenda mpaka wanizike.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekwenda kibandani kwa Shangazi, anakouza keki za samaki. Simu yangu inasikilizwa na kampuni, nimeiacha nyumbani. Nikamwambia mwaka huu sitaki kushinda. Kasema niache maringo, nile, nimekonda kama ufito. Nikarudia. Nikaongeza: Gi-tae alishinda.

Upawa ukasimama hewani. Kaniongezea mchuzi.

Njiani kurudi ndipo nilipomkumbuka Ye-won. Uongo! Nilimkumbuka tangu naagiza chakula.

Jumatatu, 11 Machi
Kura elfu arobaini kwa Ye-won. Zote. Kwa dakika tatu. Mitandaoni wanauliza klabu yangu imerogwa na nani.

Ye-won kaja mbio, kainama mpaka nywele zimegusa sakafu, analia. "Dada, mashabiki wako ndio wamenipa! Wewe umewaambia, sivyo? Sitakusahau maisha yangu yote!"

Nikasema hongera. Nikamkumbatia pia. Mnafiki mkubwa mimi.

Jumanne, 12 Machi
Saa tatu na nusu asubuhi, chumba cha vipodozi. Kurekodi saa nne. Mimi wa akiba, nimevalishwa nguo kama za Ye-won. Fundi anambandika nyaya shingoni, kumi na mbili. Nimezihesabu.

Nikimwambia Gi-tae alivyokufa, atakataa. Akikataa, naingia mimi. Jambo lenyewe ni hilo tu, halina kona. Naogopa. Naogopa sana.

Fundi katoka kufuata gundi. Tumebaki wawili. Ye-won ananitazama kwenye kioo, anacheka: "Dada, unaandika nini hapo? Siri za mapenzi? Hebu nipe nisome!" Kanyoosha mkono kabisa.

Nimemwambia ngoja, namalizia sentensi.

Zimebaki nyaya mbili za kubandikwa. Mkono wake bado ameunyoosha. Sentensi ilishaisha, nami bado naandika