Kiti cha Kipanya

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya sita ya ndoa, na nikisikia hatua zake mlangoni moyo bado unaruka kichura. Leo mume wangu kakifufua chama chake cha watumiaji wa kompyuta. Zamani walikutana kila Jumamosi, kila mtu na mashine yake begani, wanafundishana. Kilikufa miaka minne iliyopita. Sasa kakigeuza blogu, anaandika peke yake. Makala ya kwanza: kusafisha feni ya kompyuta. Nimeisoma mara tatu. Sijaelewa, lakini tamu!

Jumatano, 5 Machi
Hakuna aliyeandika maoni. Anafungua ukurasa, anafunga, anafungua. Chai imepoa. Anasema hata ukipiga kelele kisimani, mwangwi hukujibu. Wiki ikiisha hivi ataifuta blogu – asahau kabisa. Siwezi kumwona hivi. Mwanamume mzuri namna hii.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefanya jambo. Kwenye daftari lao la zamani wanachama wana majina ya utani: Mwenyekiti, Bisibisi, Kipanya. Nikalipenda Kipanya. Kwa jina hilo nikaandika maoni kwenye blogu, kwa simu yangu, swali pekee la kompyuta ninalolijua: Kompyuta yangu haiwaki, nifanyeje?
Karuka kitini. “Mke wangu, Kipanya karudi!” Kaninyanyua hapo hapo jikoni, mwiko mkononi. Nilicheka.

Jumapili, 9 Machi
Maoni thelathini na moja! Mwenyekiti, yule mwalimu mstaafu wa kupiga chapa, kaandika: Kipanya, mwanangu, umetusamehe? Bisibisi naye: Chomeka kwanza, ndugu.
Nikauliza, kuna nini cha kusamehe? Mume wangu akakuna kichwa. Siku moja Kipanya alitoa skrubu zote za mashine yake mbele ya watu, saa mbili anatafuta ubovu. Kumbe waya wa umeme haukuchomekwa. Walimcheka mwezi mzima. Akabeba mashine yake, akaenda. Wengine wakapungua mmoja mmoja mpaka chama kikaisha.
“Niliyeanza kucheka ni mimi,” akasema. “Na leo anajitania mwenyewe. Huo ndio uungwana.”
Mimi sikujua. Nilichukua jina zuri na swali jepesi tu. Maji yamemwagika.

Ijumaa, 14 Machi
Kesho wanachama wanakutana kwetu, katangaza kwenye blogu. Kaazima viti kwa jirani, tumevipangusa pamoja, bega kwa bega. Kimoja kakiweka kando ya soketi – cha Kipanya, mtu asikiguse. Nikafungua mdomo nimwambie. Akanitangulia: “Unajua, sijawahi kumwomba radhi. Kesho nitamwomba.” Macho yake yaling’aa. Nikaendelea kupangusa kiti kilichokwisha kauka.

Jumamosi, 15 Machi
Niko chumbani, mlango nimeuegesha. Walifika tisa. Vicheko, mikono kupeana, Bisibisi anamtania Mwenyekiti kwamba bado anapiga kibodi kama anatwanga. Mara hodi. Mtu mwembamba, mashine begani, waya kauzungushia shingoni.
“Sikuandika kitu mimi,” akasema. “Nimekuja kumwona anayenicheka kwa jina langu.”
Wote wakamgeukia mume wangu. Akasema hajui lolote.
“Ulianza wewe,” Kipanya akamwambia. “Leo nani tena?”
Mume wangu alikivuta tu kile kiti. Kipanya hakukaa. Mimi nikakimbilia huku.
Sasa nasikia Mwenyekiti anasema kwa upole, mwanangu, tua mzigo kwanza. Bisibisi hana utani hata mmoja. Mume wangu anaomba radhi, ya ile siku. Kipanya anasema ya ile siku ataisikiliza, lakini kwanza ya wiki iliyopita.
Mume wangu ananiita. “Mpenzi, tuletee chai.” Ameniita hivyo mbele ya watu wote.
Vikombe kumi na kimoja. Trei inataka mikono miwili – na simu niliyoandikia kwa jina la Kipanya lazima niende nayo, waione.